Ile video ya mayai: jamani nisikilizeni na mimi

Kwanza kabisa, mayai sikuyarusha. Naona kwenye makundi inazunguka ile video yenye maandishi "Jamaa wa Mwanjelwa afungwa pool, amvamia muuza mayai." Aliyerekodi ni rafiki yangu wa damu, tena jioni hiyo hiyo soda aliyokuwa anakunywa nilimnunulia mimi. Ameikata. Ameanzia pale nimeshapiga magoti chini ya meza, mikono miwili imejaa mayai, naonekana kabisa mwizi. Yaliyotangulia hamkuyaona. Ndaga fijo, yaani asante sana, rafiki yangu.

Haya. Wa pale kwetu Mwanjelwa, Mbeya, mnaijua chaki ya kaunta, ile ya kupaka ncha ya fimbo ya pool. Imefungwa uzi isiibiwe, na kwa kuwa kila mtu akija anaizungusha kwenye ncha ya fimbo kwa nguvu zote, katikati imebaki shimo tu na karatasi yake pembeni. Mimi jambo hilo lilikuwa linaniuma. Nilikuwa nawaambia watu kila jioni: jamani, chaki inapakwa juu juu, unaipitisha taratibu mpaka ncha yote ienee, hutoboi! Nilisema hata isipokuwa zamu yangu. Nilisema hata siku ambazo sichezi. Mnaonifahamu nyamazeni.

Ijumaa akatua pale dereva mmoja wa lori la Tunduma. Gari limemzimikia, liko gereji, yeye anasubiri kipuri kutoka Dar. Mtu mpole, hana maneno, koti lake kalitundika kwenye msumari na kuanza kutufunga mmoja mmoja, kwa ile ile chaki yetu ya shimo. Vijana wakasema kesho lazima apatikane mtu wa kulinda heshima ya mtaa. Nikasema mimi nipo. Dau: kilo mbili za kitimoto na ndizi zake.

Jumamosi mchana nikaenda sokoni kutafuta chaki yangu binafsi. Nikapita kwa jamaa mmoja anayeuza vifungo, zipu, nyuzi, betri za saa, kila kitu. "Chaki ya pool ipo?" Ipo! Akaniwekea mbili mezani. Moja mchemraba wa bluu wenye karatasi, umejaa vumbi, nikaugusa tu kidole kikageuka bluu, na unakwaruza. Ya pili nyembamba, bluu imekolea, laini, imenyooka, vumbi hakuna. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akaniangalia juu mpaka chini, akaniambia: "Ile ya mchemraba ni ya kawaida, kaka. Hii wanachukua wanaojua."

Sasa na mimi nikachukue ya kawaida?

Nikaigeuza kwenye mwanga. Nikainusa. (Msiniulize nilikuwa natafuta harufu gani.) Nikatikisa kichwa kitaalamu, nikalipa bila kuomba kupunguziwa, nikaifunga kwenye leso.

Jioni baridi la Julai mnalijua wenyewe, la kutoa moshi mdomoni. Milango ikafungwa, watu wote wakajibana ndani kuzunguka meza, na yule dogo wa mayai ya kuchemsha naye akaingia na sinia lake, chumvi na kachumbari, akasimama karibu na kona. Hili lishikeni, maana wengi mnauliza muuza mayai alifuata nini mezani. Alifuata joto.

Nikatoa leso. Nikaifungua mbele ya watu. Dereva akachungulia. "Mdogo wangu, hiyo nini?"

"Chaki, kaka. Ya wanaojua."

Akanyamaza, akaenda kupaka ile ya shimo.

Na niseme ukweli ambao kwenye video haupo: nilicheza. Mipira yangu yote niliingiza, nilikuwa napiga katikati, iliyonyooka, mambo yanakwenda. Ikabaki nyeusi, ile ya kumalizia, yeye amebakiza miwili. Nyeusi ipo mdomoni mwa shimo la kona na mpira mweupe, ule unaopigwa na fimbo, umenyooka nayo. Mtoto wa darasa la pili angeingiza. Shida ni moja tu: ukiipiga hivi hivi, mweupe nao unaifuata shimoni na umekwisha. Kwa hiyo unaupigia chini, urudi nyuma. Mimi pigo hilo nalipenda sana, kwa sababu watu huguna.

Nikapaka chaki. Nikapaka tena. Nikapaka mpaka ncha ya fimbo ikawa inang'aa, nikaiona inang'aa, nikafurahi. Nikamwambia rafiki yangu: "Rekodi hii." Naam, ni mimi niliyemwambia. Nikainama. Dada wa kaunta akapunguza sauti ya TV. Nikanyoosha kidole: nyeusi, kona ile. Nikavuta fimbo nyuma, nikavuta pumzi, nikaachia.

Fimbo ikigonga vizuri inalia "ta!" Hii ililia "tsiii."

Niliihisi mkononi ikiteleza, ikaingia chini ya mpira, na mpira mweupe ukapanda. Ndugu zangu, nilikuwa bado nimeinama, shavu karibu na kitambaa, naona mpira unapita juu ya nyeusi, na nyeusi haijatikisika hata kidogo. Ukagonga ukingo wa meza kwa juu, ukapata nguvu mpya, ukaondoka. Yule dogo alikuwa anammenyea mteja. Akauona unakuja. Akafanya ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya: akainua sinia haraka kuokoa mali yake.

Akaliinua mpaka pale pale mpira ulipokuwa unapita.

Mayai yakamwagika, mengine puu, mengine yakabiringika mazima chini ya meza, chini ya viti, mpaka mlangoni. Dada wa kaunta: "Mpira mweupe ukipotea mnalipa!" Ndipo watu wote tukapiga magoti gizani kuutafuta mpira mweupe, bluu na vumbi la sakafu mpaka usoni. Naokota: yai. Naokota: yai. Hapo ndipo video yenu inapoanza.

Tukiwa huko chini tukasikia juu, ko, ko, ko. Kuna mzee wa koti refu hukaa pembeni na bia yake moja, alikuwa ameshaagiza yai kabla ya balaa. Kikamfikia kitu miguuni, akakiokota, anakigonga ukingoni mwa meza. Ko, ko. Akakigeuza. Akakinyunyizia chumvi kidogo. Ko, ko, ko. Kisha kwa upole wote wa mtu mzima: "Mjukuu wangu, hili ulilichemsha tangu lini?"

Sijui nani alianza kucheka. Najua dereva alikaa chini kabisa.

Mama mmoja fundi cherehani, kibanda chake ni cha jirani, alikuwa amefuata chipsi. Akaichukua chaki yangu mezani, akaikwangua kwa ukucha. "Baba, hii si nta hii? Mimi nachorea suti. Ukipitisha pasi inapotea."

Usiku nikasoma, kwa uchungu. Kumbe chaki ya pool si chaki hata kidogo. Mwaka 1897 Wamarekani wawili, mchezaji William Spinks na mkemia wa Chicago William Hoskins, walipata hataza ya mchanganyiko wa silika na unga mkali wa jamii ya ule wa msasa, ukagandishwa na kutiwa rangi. Kazi yake yote ni kukwaruza, ili ile ngozi ya nchani iushike mpira hata ukiupigia pembeni au chini. Yaani ule mchemraba niliouona wa ovyo kwa sababu unakwaruza... basi, tuendelee.

Dereva aliuweka mweupe, akaingiza miwili yake, akaingiza nyeusi. Kitimoto nikalipa, mayai nikalipa kwa bei ya mia tano kila moja, na hata yaliyobaki mazima yakahesabiwa. Mama fundi kaniomba ile chaki, alikuwa ameishiwa bluu. Lori limepona, limeshaondoka. Dogo wa mayai bado anapita kila jioni, ila jana aliponiona nimeshika fimbo hakuingia. Aliuzia dirishani.