Tupime kisima kabla ya kulalamikia bomba

Mjini kwetu Unguja, maji yakikatika siku mbili kila mtu fundi: pampu imeungua, umeme mdogo, bomba limepasuka. Nadra kumsikia mtu akiuliza kisima chenyewe kimeshuka kiasi gani.

Mto mkubwa wa kutegemea hatuna. Tunakunywa mvua ya masika na vuli iliyozama ardhini, ikavutwa na pampu au ikachomoza yenyewe kwenye chemchem, kama zile za upande wa Bububu ambazo Sultan Barghash aliziwekea mfereji hadi Mji Mkongwe karne ya 19. Msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa sababu hiyohiyo ya maji.

Sasa hapa ndipo penye hatari. Maji matamu ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kiasi cha mita 40 chini yake. Ukiivuta hiyo mita 1 ukaimaliza, chumvi nayo hupanda polepole kufidia zile 40. Siku chai inapobadilika ladha, tumeshachelewa.

Na wavutaji tumeongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022, watu 893,169. Wote hao wanataka maji, na wote wana vyoo. Karo la choo na kisima ndani ya ua mmoja, na sehemu iliyobaki imepigwa saruji, mvua izame wapi?

New York wanapima mito na mabwawa huko milima ya Catskill, mbali kabisa na jiji, na matokeo wanayatangaza. Sisi chanzo chetu kiko chini ya miguu yetu. Unateremsha utepe wa kupimia kisimani, utepe ukigusa maji hulia, nawe unasoma mita. Chumvi ina kipimo chake cha mkononi. Mwanafunzi wa skuli anafundishika asubuhi moja.

Nataka namba hizo mbili, ya kina cha maji na ya chumvi, zibandikwe kwa sheha, kiongozi wa mtaa: mwisho wa kaskazi, kisha baada ya masika. Wenye visima binafsi watasema kisima changu, uani kwangu. Sawa, ila maji ya chini hayana ua. Tuanze na visima vya misikiti na skuli, ambavyo hakuna wa kuvifungia geti.