Tawi la seva si mahali pa kuandikia

Karibu kila mradi wa programu huria niliochangia una tawi moja (nakala ya msimbo inayoendelezwa kando) linaloogopwa. Mgeni akiingia tu anaambiwa: "Hilo usiliguse, ndilo linalokwenda kwenye seva." Ajabu ni kwamba seva ikianguka usiku, tawi hilohilo ndilo la kwanza kuvamiwa.

Yametukuta. Mtumiaji akipakia faili tupu, lisilo na hata baiti moja, programu inazimika. Mwenzangu akasahihisha mistari mitatu papo hapo kwenye tawi la seva, na kwenye maelezo ya komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia ya mradi) akaandika: "Dharura. Nitairudisha tawi kuu kesho." Kesho hiyo haikufika. Miezi miwili baadaye tulipounganisha tawi kuu, lile linalopokea kazi ya kila siku, na lile la seva ili kutoa toleo jipya, ikatokea migongano chungu nzima: mistari ileile imebadilishwa tofauti pande zote mbili. Tukachoka, tukachukua upande wa tawi kuu kila mahali. Faili tupu likaanza tena kuizima programu, nasi tukapoteza siku nzima tukisaka kosa tulilokwisha kulisahihisha.

Tangu hapo sibishani tena: sahihisho linaanzia tawi kuu, ndipo linanakiliwa kwenda tawi la toleo, yaani lile linalowafikia watumiaji (kwetu, la seva). Watunzaji wa kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, wameliandika hili kwenye kanuni zao. Kiraka, yaani sahihisho linalotumwa, hakipokelewi kwenye matoleo thabiti mpaka chenyewe, au kinacholingana nacho, kiwe kimeshaingia kwenye mti mkuu (tawi kuu lao) wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Tena kisizidi mistari 100, ukihesabu na ile inayokizunguka. Kanuni hii ya pili naipenda zaidi, maana inawabana wanaopenyeza mambo mapya kwa jina la dharura.

Kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kazi yenyewe ni ndogo. Unatumia cherry-pick, amri ya kunakili komiti kutoka tawi jingine, na ukiongeza -x, chini ya maelezo panaandikwa namba ya komiti ya asili. Ukikuta komiti ya tawi la toleo haina mstari huo, muulize mwenyewe imetoka wapi. Huenda ana jibu zuri: pengine msimbo wenye kosa ulishaondolewa tawi kuu, kwa hiyo hapakuwa na cha kunakili. Basi na aandike hivyo.

Lakini je, tawi la seva lenyewe linahitajika? Mwaka 2010 mtaalamu wa programu Vincent Driessen alieleza mpangilio wake wa matawi: la maendeleo, la matoleo yaliyokamilika, ya vipengele, ya maandalizi ya toleo, ya dharura. Watu wakaubeba mzimamzima. Mwaka 2020 mwenyewe aliongeza maelezo kwenye makala yake akisema timu zinazotoa programu za wavuti mfululizo zichukue utaratibu mwepesi zaidi. Bado nakuta miradi ya watu wawili ikiwa na matawi yote hayo, na nusu yake hayajaguswa tangu yafunguliwe.

Matawi mengi yana maana pale watumiaji wanaposhikilia matoleo tofauti kwa wakati mmoja. Django, zana ya kujengea tovuti, kwa mfano, ina tawi kwa kila mfululizo wa matoleo, kama stable/4.2.x, kwa sababu wako watu ambao bado wanautumia. Mradi wenye seva moja una toleo moja hai. Hapo lebo, yaani jina linalobandikwa kwenye komiti moja, inatosha: unaibandika kwenye komiti iliyopita majaribio, seva inachukua hiyo, na mambo yakiharibika unarudi kwenye lebo iliyotangulia. Hakuna awezaye kukomiti juu ya lebo saa nane za usiku.

(Na nywila za hifadhidata zisikae kwenye tawi lolote. Nimeziona kwenye tawi la seva, hadharani, eti "hakuna anayelifungua".)

Sisi tulilifuta la kwetu. Kabla ya kulifuta tulililinganisha na tawi kuu, tukakuta masahihisho mengine manne ambayo hayakuwahi kurudi. Moja lilikuwa langu.