Upasana Konidela: mwamba ngoma katika soko la afya

Mnamo Novemba 2025, Upasana Kamineni Konidela, mfanyabiashara wa huduma za afya, alisimama mbele ya wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha IIT Hyderabad, nchini India, akawaambia wasichana kwamba bima kubwa kuliko zote kwa mwanamke ni kugandisha mayai yake ya uzazi, ili aamue mwenyewe ni lini ataolewa na ni lini atazaa, akiwa tayari anajitegemea kwa kipato. Maneno hayo yalisambaa mtandaoni na lawama zikafuata. Sridhar Vembu, mwanzilishi wa kampuni ya programu ya Zoho, alishikilia kwamba vijana wajasiriamali waoe na waolewe wakiwa katika miaka yao ya ishirini. Hata hivyo, hoja iliyouma zaidi ilikuwa ya kibiashara: msemaji ni mjukuu wa mwanzilishi wa hospitali za Apollo, na Apollo ina kliniki zake za uzazi ambazo miongoni mwa huduma zinazouza ni hiyo hiyo ya kugandisha mayai. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Upasana alijibu kwamba yeye mwenyewe aligandisha mayai kwa sababu zake binafsi na za kiafya, na kwamba hakuwa akiitangaza Apollo.

Naona methali hiyo inamgusa, ila haimalizi kesi.

Babu yake mzaa mama, Dakta Prathap C. Reddy, ni daktari wa moyo aliyerejea India kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 mgonjwa wake mmoja, mtu ambaye hajafikisha hata miaka arobaini, alifariki kwa kukosa fedha za kwenda kupasuliwa moyo Marekani, na kifo hicho ndicho anachokitaja akieleza asili ya hospitali ya kwanza ya Apollo, aliyoifungua Chennai mwaka 1983 ikiwa na vitanda 150. Leo kundi hilo lina hospitali zaidi ya 70, vitanda zaidi ya 10,000 na maduka ya dawa zaidi ya 6,000. Tanzania jina la Apollo linajulikana hata kwa asiyewahi kupanda ndege, kwa kuwa kwa miaka mingi rufaa za India ziliwapeleka wagonjwa huko, hasa wa moyo, kabla Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete haijaanza kazi pale Muhimbili mwaka 2015. Inachekesha kidogo: hospitali iliyojengwa ili Mhindi asilazimike kupanda ndege kwa ajili ya moyo wake ndiyo iliyowapandisha wengine ndege.

Dakta Reddy hana mtoto wa kiume. Katika nchi ambako biashara za familia nyingi hukabidhiwa kwa wana, yeye aliwakabidhi binti zake wanne madaraka ya juu ya kampuni, na mmoja wao, Shobana, ndiye mama wa Upasana. Upande wa ndoa pia haukuwa mdogo: mwaka 2012 Upasana aliolewa na Ram Charan, nyota wa sinema za Kitelugu na mwana wa Chiranjeevi, nyota wa kizazi kilichotangulia. Kwa hiyo katika kazi yake amekuwa na mtaji, jina na umaarufu, vitu vitatu ambavyo mjasiriamali wa kawaida huvisaka maisha yake yote. Wanaomwita mjasiriamali aliyejijenga mwenyewe wanamkosea, na wanaosema hakufanya lolote wanamkosea vilevile.

Utetezi wake ulio bora, kwa maoni yangu, upo katika upande wa biashara aliouchagua. Angeweza kuketi katika hospitali kubwa ambako fedha huingia kitanda kwa kitanda. Badala yake alijikita katika mazoezi, mlo na kinga, kwanza kupitia Apollo Life na baadaye URLife, kampuni inayowauzia waajiri huduma za afya za wafanyakazi wao. Kisukari na shinikizo la damu havimsubiri mtu azeeke, na karani anayeshinda kwenye kiti saa tisa kwa siku hawezi kuokolewa na daktari bingwa anayemwona mara moja, tena akiwa ameshachelewa. Anayemfuata karani huyo kazini kwake, akampima, akamfundisha kula na kutembea, anafanya kazi ambayo hospitali nyingi hazina haraka ya kuifanya.

Lakini tazama kinga inavyofanya kazi inapouzwa. Mfanyakazi anafika asubuhi hajala, anatolewa damu, anawekewa nyaya kifuani kupimwa moyo, anapakwa ile jeli ya baridi tumboni kwa ajili ya ultrasaundi, kisha anapewa kabrasha la kurasa kadhaa. Katika kurasa hizo kuna namba moja iliyochapwa kwa wino mweusi zaidi kwa sababu imezidi kiwango kidogo. Namba hiyo inahitaji daktari bingwa, na daktari bingwa atahitaji kipimo kingine. Kwa mfanyakazi mmoja, huo ni uhai uliookolewa. Kwa mwingine ni wiki tatu za hofu na gharama zilizoishia kwenye jibu kwamba hana tatizo. Kampuni ya kinga isiyo na hospitali haifaidiki na safari hiyo ya pili, lakini kampuni ya kinga yenye hospitali katika ukoo inaweza kufaidika nayo, hata kama hakuna mtu yeyote aliyekusudia hivyo.

Jambo hili linakuwa zito zaidi upande wa bima. Upasana ameiongoza Family Health Plan, kampuni ya Hyderabad inayoshughulikia madai ya bima ya afya. Kampuni za aina hiyo husimama kati ya mwenye kadi, hospitali na kampuni ya bima, zikipokea maombi ya matibabu, kukagua bili na kusema hili linalipwa na hili halilipwi. Apollo ina hisa asilimia 49 ndani yake. Simtuhumu mtu kwa kupindisha bili, na sheria za India zinaruhusu umiliki huo. Nasema tu kwamba mkaguzi na mkaguliwa wana undugu. Aliyeshuhudia mvutano wa Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi za Dar es Salaam ziliposimamisha kupokea kadi za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya wa Tanzania, kwa sababu ya viwango vipya vya malipo, anajua kwamba mlipaji na mtoa huduma wanapaswa kuvutana, na kwamba mvutano huo una faida yake.

Ndiyo maana neno bima, likitoka kinywani mwake, linanisumbua kuliko hata suala la kliniki. Bima hulipa hasara ikitokea, kwa mkataba. Mayai yaliyogandishwa hayana mkataba wa namna hiyo: matokeo hutegemea umri wa mwanamke siku mayai yalipotolewa na idadi yaliyopatikana, mengine hayavuki hatua ya kuyeyushwa, na wanawake wengi hawarudi kuyachukua kabisa. Ni nafasi ya ziada, inayolipiwa sindano za homoni, utoaji wa mayai hospitalini na ada ya kuyahifadhi kila mwaka. Aliyesimamia madai ya bima anaijua tofauti hiyo kuliko msichana wa mwaka wa pili chuoni. Hata hivyo, nusu ya pili ya ujumbe wake, kwamba mwanamke apange maisha yake badala ya kupangiwa na shangazi, ilistahili kusikilizwa na wengi waliomkejeli hawakuisikiliza.

Hata cheo chake cha makamu mwenyekiti wa huduma za jamii za Apollo kinahitaji kupimwa kwa utulivu. Sheria ya Makampuni ya India ya mwaka 2013 inazitaka kampuni kubwa kutumia asilimia mbili ya wastani wa faida zao kwa jamii, hivyo sehemu ya wema huo ni wajibu wa kisheria. Na wajibu una historia yake: hospitali ya Indraprastha Apollo ya Delhi ilipewa ardhi ya serikali kwa kodi ya rupia moja kwa sharti la kutibu maskini bure katika theluthi ya vitanda vyake, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Delhi iliona sharti hilo halikutimizwa. Machi 2025 Mahakama ya Juu ilikuwa bado inaulizia vitanda hivyo. Si Upasana aliyetia saini mkataba ule, ila jina lililo juu ya hisani anayoisimamia ni lile lile.

Agosti 2025 jimbo la Telangana lilimteua mwenyekiti mwenza wa bodi ya kituo chake kipya cha michezo, na hapo mazoezi aliyokuwa akiwauzia waajiri yanakuwa suala la watoto wa shule na fedha za umma. Hapo vitabu vya hesabu havitakuwa vya familia, na ripoti za bodi zitaonyesha mwamba ngoma ameivuta ngozi upande gani.