Nembo Kubwa, Maisha Mafupi

Juzi nilisafisha droo ya meza yangu nikakuta kalamu kumi na nne za bure, kila moja na nembo ya kampuni yake. Nilizijaribu zote kwenye karatasi. Zilizoandika ni tano. Kati ya zile zilizogoma, moja ilijisifu kwa maandishi ya dhahabu: "Ubora Kwanza." Aliyenipa alitoa pesa zake ili nisimwamini.

Ndiyo maana nafurahi kuona mambo yakibadilika kwenye bidhaa za matangazo. Zamani swali la kwanza la mwagizaji lilikuwa "tutapata ngapi?" Siku hizi wengi wanaagiza vichache na vizuri: badala ya kalamu elfu moja za kumwaga kwenye maonyesho, chupa mia za chuma cha pua kwa watu mia wanaojulikana kwa majina. Mitambo nayo imesaidia. Uchapaji wa skrini, yaani kupitisha wino kwenye wavu uliowambwa kwenye fremu, unahitaji fremu moja kwa kila rangi, na gharama ya kuandaa fremu hizo ni ileile, uchape fulana kumi au mia tano. Hivyo mteja mdogo alilazimika kuagiza mzigo asiouhitaji ili bei ya kila fulana ishuke. Uchapaji wa kidijitali hauna fremu. Unaweza kuchapa fulana sita tu, kila moja na jina la atakayeivaa.

Lakini badiliko ninalolipenda kuliko yote ni nembo kupungua ukubwa. Fulana yenye nembo iliyojaa kifua kizima, na namba za simu mgongoni, huvaliwa siku ya hafla. Baada ya hapo ni ya kulalia, kisha tambara la kufutia vumbi. Ile iliyodariziwa nembo ndogo kwa uzi unaokaribiana rangi na kitambaa, mtu huivaa hata siku asiyokwenda kazini. Patagonia, watengenezaji wa mavazi wa Marekani, walikwenda mbali zaidi: mwaka 2021 walitangaza kwamba hawataweka tena nembo za kudumu za kampuni nyingine kwenye nguo zao. Sababu yao ilikuwa nyepesi tu. Watu hubadilisha kazi, na koti lenye nembo ya mwajiri wa zamani ni gumu hata kumgawia mtu.

Mkumbo ninaoutilia shaka ni ule wa "kijani". Kila mkutano sasa unagawa mfuko wa pamba, na mgawaji anajiona ameokoa dunia. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilichapisha hesabu zake: mfuko wa pamba ya kawaida unapaswa kutumika angalau mara 52 ndipo ulingane na ule mwembamba wa plastiki kwa athari za tabianchi pekee, na mara 7,100 ukipima athari zote za mazingira walizozichunguza. Mimi ninayo tisa nyuma ya mlango. Wa kumi si zawadi, ni mzigo.

Halafu kuna pawabanki. Ni kitu cha maana, ila ile ya bei ya kutupa huahidi chaji nyingi kuliko iliyonayo, na pawabanki yoyote, nzuri au mbovu, haitakiwi kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Lazima abiria aibebe kwenye begi la mkononi. Ukiwagawia wageni waliokuja kwa ndege, waambie mapema, la sivyo watakukumbuka kwenye ukaguzi wa mizigo. Kuhusu msimbo wa QR uliochapwa kwenye kikombe, sina mengi: kikombe huishi miaka, ukurasa unaofunguka hufa mwaka unaofuata.

Wapo watakaoniambia nembo ndogo haionekani, na mwenye kulipa anataka aonekane. Nawaelewa. Ila chupa ninayokwenda nayo kila mahali, huu mwaka wa nne sasa, ina nembo iliyochongwa kwa leza chini kabisa, kwenye kitako, ndogo kama ukucha. Watu hunisimamisha kuuliza nimeipata wapi. Naipindua, nawaonyesha.