Umemlea vipi huyu mtoto? Swali linalowaumiza wazazi na ukweli uliopo ndani yake

"Umemlea vipi huyu mtoto?" Hili swali nililisikia akiulizwa mama mmoja ambaye mwanae wa pili alikuwa ameanza kuiba na kulala nje, na yule mama hakujibu kitu, alikaa kimya tu anakunjakunja kitambaa alichoshika mkononi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama huyo huyo ana binti mkubwa ambaye kila mtu anamsifia, msikivu, anajituma, ana adabu, na sijawahi kusikia mtu hata mmoja akimuuliza "huyu binti umemlea vipi". Yaani mtoto akitulia ni mzuri mwenyewe, akiharibika ni mzazi. Nyumba moja, mama mmoja, malezi yale yale. Sasa mzazi ana nguvu kiasi gani hasa?

Methali zetu zenyewe zinagombana kwenye hili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hapo mzigo wote kwa mzazi. Alafu mtu huyo huyo jioni anakwambia mtoto wa nyoka ni nyoka, maana yake damu imeshaamua, malezi hayana nafasi. Na ipo ya tatu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, hii inakubali kwamba nje ya nyumba kuna mwalimu mwingine na huyo hana huruma. Na wataalamu wa saikolojia nao kwa miaka zaidi ya 70 wamekuwa wakivutana kwenye haya haya matatu, na kila upande una hoja ambazo huwezi kuzitupa.

Wanaosema mzazi ndo kila kitu wamesimama sana kwa John Bowlby, daktari wa akili Mwingereza. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa familia, akasema upendo wa mama, au wa mtu aliyeshika nafasi ya mama moja kwa moja, ni muhimu kwa akili ya mtoto kama vitamini zilivyo muhimu kwa mwili. Zama hizo wengi waliamini mtoto anamganda mama kwa sababu ya maziwa tu. Mmarekani Harry Harlow akalipima hilo kwa watoto wa nyani, matokeo akayatoa 1958, aliwawekea "mama" wawili wa bandia, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine kavishwa kitambaa laini ila hana maziwa, na vile vitoto vilikwenda kwa wa waya kunyonya haraka haraka kisha vinarudi kumkumbatia wa kitambaa kutwa nzima. Ni jaribio la kikatili, sijui kama mtu anaweza kulisoma asiumie, ila lilionyesha kwamba tumbo sio kila kitu.

Ushahidi mzito kabisa lakini ni wa watoto wa binadamu, na ni wa Romania. Serikali ya Nicolae Ceaușescu, dikteta wa nchi hiyo, mwaka 1966 ilipiga marufuku utoaji mimba kwa wanawake walio wengi na njia za uzazi wa mpango zikawa hazipatikani, lengo watu waongezeke, familia zikashindwa kubeba, watoto wakaishia kwenye vituo vya serikali. Utawala ulipoanguka Desemba 1989 dunia ikakuta watoto zaidi ya laki moja humo ndani, wanalishwa, wanabadilishwa nguo, ila mlezi mmoja ana kundi zima na zamu ikiisha anaondoka, kesho anakuja mwingine. Kuna vichanga vilikuwa havilii hata vikiwa na njaa kwa sababu vilishajifunza kwamba ukilia hakuna anayekuja. Hapo ndo huwa nasimama kila nikifika. Kuanzia 2000 watafiti wa Marekani walichukua watoto 136 wa vituo vya Bucharest, wenye miezi 6 hadi 31, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa kwenye familia za kulea na nusu wakabaki na huduma iliyokuwepo. Waliopata familia walipanda akili, wakaweza kushikamana na mtu, hata umeme wa ubongo ulipopimwa ulionekana tofauti, na walionufaika zaidi kwenye mengi ni waliotolewa kabla hawajafikisha kama miaka miwili. Mtu akikwambia mtoto mdogo haelewi kitu, atakuwa sawa tu, mkumbushe hawa.

Kwa hiyo kesi imeisha? Hapana, sikiliza upande wa pili.

Mwaka 1979 chuo kikuu cha Minnesota kikaanza kuwatafuta mapacha wa kufanana waliotenganishwa wakiwa wadogo wakalelewa nyumba tofauti, na Thomas Bouchard na wenzake wakakuta kitu kilichowashtua wengi, kwamba kitabia, ukali, aibu, wasiwasi, uchangamfu, hao mapacha wanafanana karibu sawa na mapacha waliolelewa pamoja. Yaani kukaa nyumba moja kuliongeza kidogo sana. Alafu 1998 akaja Judith Rich Harris, mama aliyefukuzwa masomo ya udaktari wa falsafa Harvard mwaka 1960, akakaa nyumbani anaumwa huku anaandika vitabu vya kiada vya saikolojia, na kwa kuandika hivyo vitabu miaka na miaka akagundua kwamba ushahidi wa "mzazi hufanya mtoto" ni dhaifu kuliko unavyofundishwa. Hoja yake iliyonikaa kichwani ni ya lafudhi, mtoto wa wahamiaji anaongea lugha kwa lafudhi ya watoto wenzake wa mtaani na shuleni, sio ya baba na mama anaolala nao nyumba moja. Sasa kama hata ulimi unawafuata wenzake, kwa nini uhakika wetu kwamba tabia yote inafuata mzazi?

Kuna na hili, watu husema wazazi wakali wana watoto wagumu, wanahitimisha ukali ndo umeleta ugumu, kumbe inawezekana mtoto alizaliwa mgumu akamfanya mzazi awe mkali. Mwenye watoto wawili anaelewa bila kuelezwa, mmoja unamtazama tu anaacha, mwingine unamwambia mara kumi na ya kumi unapiga kelele, alafu jirani anasikia ile ya kumi tu.

Mimi kwa muda mrefu nilidhani lazima uchague kambi moja. Siku hizi naona kambi zote mbili zinasema kweli ila zinawatazama watoto tofauti. Tafiti za mapacha na za watoto wa kuasiliwa kwa sehemu kubwa ni za nyumba ambazo mtoto anakula, anapendwa, hateswi, na kati ya nyumba za namna hiyo ni kweli tofauti ndogo ndogo za malezi hazionekani sana baadaye. Bucharest ni mahali ambapo mtoto alikosa kabisa. Eric Turkheimer na wenzake mwaka 2003 waliwaangalia mapacha wa miaka saba Marekani wakakuta kwamba kwenye familia zenye uwezo tofauti za akili zilifuata zaidi jeni, yaani urithi wa damu, ila kwenye familia maskini sana mazingira ndo yalikuwa na nguvu kubwa na jeni zikawa karibu hazionekani. Mchungwa ukiunyima maji unakufa, hilo halina mjadala, ila ukiumwagia ndoo kumi kila asubuhi hauwi mwembe. Sasa tatizo letu ni kwamba tunawatisha wazazi kwa hoja ya ukame wakati wengi wao wanabishana kuhusu ndoo ya tisa na ya kumi, na wale watoto walioko kwenye ukame wenyewe hakuna anayewataja.

Swali lingine ambalo naona lina utajiri zaidi ni hili, hayo maji lazima yamwagwe na nani? Ripoti ya Bowlby ilitumika sana kuwaambia wanawake wabaki nyumbani, mama akitoka kwenda kazini anamharibu mtoto, na mpaka leo kuna kina mama wanaenda ofisini na hatia moyoni kwa sababu ya kauli za aina hiyo, wakati baba wa mtoto huyo huyo hajawahi kuulizwa anarudi saa ngapi. Ila ushahidi haukusema hivyo. Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alikwenda Uganda 1954 akafuatilia familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, akaona vichanga vinashikamana na mama ndiyo, ila pia na wengine wa nyumbani. Na Rudolph Schaffer na Peggy Emerson, kwenye utafiti waliouchapisha 1964, walifuatilia watoto 60 kule Glasgow, Scotland, wakifika mwaka na nusu wengi wao walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja, baba, bibi, dada mkubwa, na sio wachache ambao mtu wao wa kwanza moyoni hakuwa yule anayewalisha na kuwaogesha, alikuwa yule anayewaitikia wakiita. Nafasi ya baba basi sio ada na kodi peke yake, na ukisema "mi natafuta hela, malezi ni ya mama yao" unajiondoa mwenyewe kwenye moyo wa mtoto, hakuna aliyekufukuza.

Na wale wanaovumilia ndoa ya ugomvi "kwa ajili ya watoto", hapa naongea kwa uangalifu kwa sababu kila nyumba ina yake. Michael Rutter mwaka 1972 alipoipitia upya hoja ya Bowlby alionyesha kwamba kinachomvuruga mtoto kitabia sio kutengana kwenyewe tu, ni ugomvi unaozunguka huko kutengana, maana watoto waliofiwa na mzazi hawakuonyesha uharibifu wa tabia kama waliotoka nyumba za mapigano. Kwa hiyo kukaa pamoja kuna faida kama mnaacha kupigana, ila kama kila usiku mtoto anasikiliza ukutani nani kashinda, hiyo faida mi siioni iko wapi.

Kuna kitu kingine kinanipa pumzi. Edward Tronick miaka ya 1970 alimwambia mama acheze na kichanga kisha ghafla akaze uso usioonyesha chochote kwa dakika mbili tatu, na mtoto anahangaika, anatabasamu, ananyoosha mikono, mwisho anageuka pembeni analia. Wengi wanaitumia video ya jaribio hilo kuwasema wazazi wa simu na sikatai, mzazi aliyeinamia simu masaa mawili uso wake hauna tofauti na ule. Ila Tronick huyo huyo aligundua kwamba hata mama mwema na mtoto wake wanaendana vizuri kama asilimia 30 tu ya muda, muda uliobaki ni kupishana na kurudiana. Kinachomjenga mtoto ni ile kurudiana. Kwa hiyo mzazi uliyepiga kelele asubuhi ukiwa na stresi zako, jioni rudi umwambie samahani, na wala heshima yako haishuki.

Nirudi kwa yule mama. Kisiwani Kauai, Hawaii, Emmy Werner alifuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 mpaka wakawa watu wazima, na kati ya waliokulia kwenye umaskini na familia zilizovurugika, theluthi moja walitoka vizuri tu, wengi wao wakiwa na angalau mtu mzima mmoja aliyeshikamana nao. Kinachonigusa zaidi ni wale wengine, waliopata matatizo ujanani, sehemu kubwa yao walikuja kutulia walipofika miaka ya 30 na 40. Kijana wa yule mama ana miaka 19. Bado analala nje mara nyingine, na mama yake usiku hafungi mlango kwa komeo, anaurudishia tu, na akisikia umesukumwa anaita jina lake kutoka chumbani ili kijana ajue kuna mtu yuko macho.