Paka, mwamba na sentensi isiyo na chanzo

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Paka wengi walikufa wakati wa kupiga filamu hii." Haikuwa na tanbihi, wala jina la gazeti, wala mwaka. Ilikaa katikati ya makala ya Wikipedia kuhusu Koneko Monogatari, filamu ya Kijapani ya mwaka 1986 inayosimulia safari ya paka mdogo na mbwa. Niliifuta. Kesho yake ikarudi. Nikaifuta tena, ikarudi tena, na safari hii katika historia ya ukurasa mhariri mwenzangu aliandika: "Acha kuwatetea watesaji."

Maneno hayo yalinichoma, maana mimi na yeye tulikuwa upande mmoja. Mimi pia niliwahi kuitazama ile sehemu ambapo paka anaanguka kutoka kwenye mwamba hadi baharini, nikajiuliza walipigaje picha ile. Lakini kujiuliza si chanzo, na uchungu wa mtu, hata ukiwa wa haki, hauwezi kuwekwa kwenye tanbihi.

Bado nasema kuifuta kulikuwa sawa. Kosa langu lilikuwa kuishia hapo. Malalamiko dhidi ya filamu ile yalikuwepo kweli: watetezi wa wanyama waliyatoa, na shirika la Marekani la American Humane lilijaribu kufuatilia bila kupata uthibitisho. Hayo yana nafasi yake katika makala, yakiandikwa hivyohivyo: nani alilalamika, nani alifuatilia, alipata nini. Mimi nilikata madai, nikamwachia msomaji ukimya, na ukimya nao hudanganya.

Tazama upande wa pili. Mwaka 1958 Disney ilitoa White Wilderness, filamu ya maisha ya wanyama iliyotazamwa na familia nzima na kupata tuzo ya Oscar. Ndani yake lemingi, wanyama wadogo wa jamii ya panya, wanaonekana wakijitupa majini kwa makundi, na vizazi vya watazamaji vikaamini kwamba wanyama hao hujiua. Mwaka 1982 uchunguzi wa televisheni ya CBC ya Kanada ulionyesha kwamba tukio lile lilitengenezwa. Lilipigwa Alberta, jimbo lisilo na bahari, kwa lemingi walioletwa kutoka kwingine, kisha wakasukumwa mtoni. Hapo mhariri hahitaji kujificha nyuma ya neno "inadaiwa". Aandike waziwazi, kwa sababu kuna aliyekwenda kuchimba.

Kuchimba ndiko tunakokukwepa. Tukifungua makala ya filamu ya familia, wengi wetu hukimbilia muhtasari wa kisa, kwa kuwa hauhitaji tanbihi. Filamu yenyewe ndiyo chanzo. Mwongozo wa Wikipedia ya Kiingereza unataka muhtasari wa maneno 400 hadi 700, lakini tunaurefusha mpaka kila kubweka kwa mbwa kunasimuliwa. Wakati huohuo kazi iliyofanywa na wanyama wenyewe hupewa nusu mstari. Chukua Babe ya mwaka 1995: kitoto cha nguruwe tunachokipenda kilichezwa na vitoto 48, kwa sababu nguruwe hukua haraka kuliko upigaji wa filamu. Christine Cavanaugh alikipa sauti, Karl Lewis Miller aliwafunza wanyama. Nataka msomaji akutane na Miller na vile vitoto 48 kabla hajafika kwenye mapato ya sinema.

Ile sentensi ya paka hatimaye tuliihamishia kwenye ukurasa wa majadiliano. Nilimwomba mwenzangu radhi kwa kufuta bila kueleza, nikamwomba tutafute pamoja. Alirudi na habari ya gazeti la zamani, mimi nikaleta maelezo ya ule ufuatiliaji. Tukaandika sentensi tatu badala ya moja, kila moja na tanbihi yake. Yeye ndiye aliyeandika neno "hayakuthibitishwa".