Meza Dufu

Mteja alisema, "Fundi, nataka meza ya mviringo." Neno hilo limetokana na kuviringa, basi linabeba sahani, chungwa, hata kichwa cha mtoto. Nikamuuliza: duara kamili? "La, iwe ndefundefu. Kama yai."

Fundi yeyote hapo anawaza duaradufu. Urefu sentimita 180, upana 108. Piga mistari miwili ikatane katikati ya ubao kwa pembemraba. Nusu urefu ni 90, nusu upana 54. Zidisha 90 kwa 90, toa 54 mara 54, inabaki 5184. Kipeuo chake cha pili ni 72. Pigilia misumari miwili kwenye mstari mrefu, kila mmoja sentimita 72 kutoka kitovuni. Funga uzi, fundo hadi fundo ibaki 180 kamili, ukaze kwa penseli iliyosimama wima. Chora nusu moja, vusha uzi ng'ambo, malizia ya pili. Nailoni usiiguse: inavutika, na nusu mbili zinapishana badala ya kukutana.

Nikakata, nikapiga msasa. Mteja akaizunguka meza.

"Hii ndiyo nini?"

"Duaradufu, mama."

"Dufu? Pesa yangu inunue kitu dufu?"

Nikamweleza ni jina la umbo tu, hata njia ya sayari ya Mirihi kulizunguka Jua ni duaradufu, mwanafalaki Kepler alilichapisha hilo mwaka 1609.

"Basi mpelekee huyo Kepler."

Akafungua mkoba, akatoa yai. Bichi! Akalilaza juu ya meza. "Ona: huku butu, huku kumechongoka. Yako imechongoka kotekote." Sikuwa na jibu, na yai halikusubiri. Likabingirika. Nikatega kiganja mbele yake, lakini yai haliendi moja kwa moja, hupinda kuelekea ncha yake nyembamba. Likakikwepa kiganja kwa heshima zote, likatua ndani ya sanduku la misumari.

Dawa ilikuwa moja. Nusu moja ya meza ibaki ilivyo. Ya pili ichorwe nusu duara, kitovu kilekile, nusu kipenyo 54. Mistari inaungana pale penye upana wote bila kuacha kona. Nikakata tena. Yai kamili, urefu 144.

Mteja akarudi na tepu yake mwenyewe, akapima.

"Fundi, sentimita zangu 36 ziko wapi?"